Kitanda Mlangoni pa Choo

Kijiji kizima kilijua kwamba mzee Bansidhar amejenga choo. Kingewezaje kutojua? Kila kulipokucha aliburuta kitanda chake cha kamba hadi mlangoni pa choo hicho, akaketi na kijiti cha mwarobaini mdomoni, na kila apitaye akaitwa.

"Njoo uone vigae! Ninyi bado mwakimbilia mashambani na makopo? Hamna haya? Wanawake wa nyumba hii nimewapiga marufuku kwenda huko!"

Majirani walicheka, wakanywa chai, wakakaa naye hadi jioni.

Siku moja Phulkumari, mke wa mwanawe, alianguka jikoni, unga wa chapati ungali mikononi. Wakampakia kwenye trekta hadi zahanati. Nesi alimpima, akatoka amekunja uso.

"Hanywi maji huyu, na mkojo anaubana kutwa. Figo zimeanza kuumia. Mzee, kwenu hakuna choo?"

Bansidhar alipigwa na butwaa. Aulizwe hivyo yeye, mbele za watu!

"Mimi nikose choo? Muulize yeyote!" Akamgeukia mkewe, Kalavati. "Nani kamzuia huyu?"

Kalavati aliinamisha kichwa. Kwao mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe. Akimkuta njiani hujifunika uso, akarudi alikotoka. Tangu Phulkumari aolewe, Bansidhar hakuwahi kusikia hata kikohozi chake.

Sasa ushungi wa Phulkumari ulitikisika kwenye kitanda cha wagonjwa, ng'ambo ya mlango ulioachwa wazi.

"Baba," ikatoka sauti nyembamba, ya kitoto kuliko alivyodhani. "Ningepitaje? Wewe uko mlangoni."

Mzee akakikumbuka kitanda chake cha kamba. Asubuhi zote zile, vicheko vyote vile! Na chai aliyowapa wageni wasiondoke upesi, si ndiye huyu aliyeipika? Kikulacho ki nguoni mwako, na kumbe mdudu mwenyewe ni yeye.

Kesho yake alikiburuta kitanda hadi nje ya ua, kando ya barabara, akaketi akiupa mlango mgongo. Jirani akapita.

"Vipi mzee, leo hutuonyeshi choo? Umekiuza?"

"Pita zako," alisema Bansidhar bila kugeuka. "Kina mwenyewe."