Alichoandika Kutu

Wananiita Mama Msumeno, na jina hilo sikujipa. Nilipewa na watu wa jukwaa letu la mtandaoni kwa sababu nakata. Ukileta matusi, nakata. Ukileta tangazo la dawa ya kuotesha nywele kwenye mazungumzo ya breki, nakata, na wewe mwenyewe nakutoa nje. Sasa mtu afanyeje? Watu wa mtandaoni ukiwaachia mlango wazi, kesho utawakuta wamelala kitandani kwako.

Jukwaa letu ni la wendawazimu. Nazungumzia watu wanaonunua gari la mbio la viti viwili likiwa vipande ndani ya makreti. Chasisi huku, bodi ya faibaglasi kule, injini wataing'oa kwenye gari kuukuu la mjomba, halafu wanakaa miaka wakiliunganisha nyuma ya nyumba huku wake zao wakiuliza hiyo takataka itaondoka lini. Mimi kazi yangu ni kushona viti vya magari. Niliingia humo kutafuta wateja, nikanogewa, na mwanzilishi alipochoka akaniachia usimamizi wote. Mdogo wangu wa kiume nilimwambukiza mimi mwenyewe. Yeye ni nesi, mtu mpole, na gari lake aliliunda kwenye banda la nyumbani kwa baba. Kila alichofunga alikipiga picha akakiweka jukwaani, na watu walimpenda kwa hilo.

Sasa, kila kundi lina mtu wake wa kuharibu shughuli, na wetu alijiita Kutu. Umeweka picha ya gari lako, rangi inameremeta, watu wanakupongeza, mara Kutu huyo anakuja: "Bawaba ya mlango wa kushoto imekaa upande." Basi. Hakuna hongera, hakuna hujambo. Fundi seremala mmoja alifungasha virago akaondoka jukwaani kwa ajili yake, na yule seremala tulikuwa tunampenda. Nikamwonya Kutu, hakujibu. Nikaamua kila anachoandika kipitie kwangu kwanza, nikikikubali ndipo wengine wakione.

Mwanzoni nilikuwa nasoma kila kitu, haki ya Mungu. Lakini nilichoka. Siku moja nina kazi ya viti vya basi zima, sindano imenichoma kidole gumba, nafungua simu nakuta maneno ya Kutu yamejipanga yanasubiri ruhusa yangu. Nikasema, ebo, hivi huyu mtu hana kwao? Nikayachagua yote kwa pamoja nikayatupa kwenye pipa la jukwaa, bila kusoma hata neno moja. Nilijisikia raha, sitaficha. Na tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yangu, yakijaa natupa.

Jumamosi ya mdogo wangu ikafika. Gari limekwisha, viti nimevishona mimi kwa ngozi nyekundu, na abiria wa kwanza ni baba. Mzee alivaa koti lake la suti na kofia, akaingia kwa shida kwa sababu lile gari liko chini mno, akakaa akacheka peke yake kama mtoto. Sisi jukwaani tuna sheria moja ya safari ya kwanza: simu zinabaki mezani. Niliiweka mimi, baada ya mwanachama mmoja kuingia mtaroni akijipiga video. Kwa hiyo simu ya mdogo wangu na ya baba zikabaki juu ya meza ya spana, wao wakatoka getini, na mimi nikabaki bandani kuwasubiri.

Nilikaa kwenye kreti tupu nikiwa na furaha tele. Nikajiambia, hebu nitafute kwenye pipa Kutu alisema nini kuhusu gari hili, wakirudi nimsomee mdogo wangu tumcheke huyo mtu mpaka mbavu ziume. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye pipa, si kingine. Nikatafuta jina la mdogo wangu, nikakuta ujumbe mmoja tu.

"Picha ya kiungo cha usukani. Nati ya chini ni ya kawaida, si ile yenye mpira ndani. Mtikisiko utaifungua, usukani utaachana na magurudumu. Asiliendeshe kabla ya kuibadilisha. Tafadhali."

Kutu hajawahi kumwambia mtu tafadhali. Niliitafuta ile picha kwenye ukurasa wa mdogo wangu, nikaikuza kwa vidole, na kweli, nati ilikuwa tupu, haina ule mviringo wa mpira unaoshika boliti isilegee. Watu kibao walikuwa wameisifu picha ile. Mimi nilikuwa wa kwanza, nimeweka na moyo mwekundu.

Nikakimbilia kumpigia simu, na simu ikalia pale pale mbele yangu, juu ya meza ya spana. Jamani. Nikaruka ndani ya pikapu yangu ya kazi. Njia nilikuwa naijua, maana tulikuwa tumeipanga pamoja: wazunguke maghala, wapande mlima wa minara ya simu, washuke na zile kona mpaka barabara kuu. Niliendesha nikisema kwa sauti, Mungu wangu, wasishuke. Wasishuke. Nilipiga honi hata kwa watu waliokuwa wanatembea zao kando ya barabara, na mmoja akanitukana, na alikuwa na haki.

Niliwakuta juu kabisa, wameegesha. Baba alikuwa bado ndani, kofia mapajani, anaangalia mji. Mdogo wangu alikuwa anafuta kioo kwa leso.

"Dada! Umeshindwa kuvumilia, eh? Subiri zamu yako, tunashuka na mzee kwanza."

"Zima injini."

"Imezimwa. Kuna nini?"

"Angalia nati ya usukani. Ile ya chini."

Akanitazama usoni, akaacha kucheka. Akalala chini kwenye vumbi na shati lake jeupe, akaingiza mkono. Alipotoka alikuwa ameishika ile nati kwenye kiganja. Hakutumia spana. Ilikuwa imeshajizungusha yenyewe mpaka mwisho wa boliti, ameitoa kwa vidole.

"Ningeshuka nayo," akasema. "Dada, ningeshuka nayo na baba ndani." Akakaa chini. "Umejuaje?"

Hapo ndipo. Hapo ndipo ningesema, na ningekuwa mtu. Lakini baba alikuwa ananitazama, na mdogo wangu bado ameishika ile nati, nami nikasema, "Nilikuwa naangalia picha zako." Ni uongo, na tena si uongo. Baba akanyoosha mkono dirishani akanishika kichwa, akaniambia Mungu anilipe, na kwamba mama angekuwepo angejua amezaa mtu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni ile ile mdogo wangu akaandika jukwaani. Akaeleza kosa lake lote bila kujionea haya, akaweka na picha ya nati, akamalizia kwamba maisha ya baba yake ameyaokoa dada yake kwa macho yake makali. Loo, watu walivyoshuka! Mama Msumeno jicho. Mama Msumeno mlinzi wetu. Yule seremala aliyekuwa ameondoka akarudi kwa ajili ya kunisifu tu. Nami nikajibu nini? Nikajibu, "Tuwe waangalifu, wapendwa." Mimi huyu huyu.

Kesho yake nikakuta ujumbe wa Kutu unasubiri ruhusa. Safari hii niliufungua haraka, nikijua amekuja kunivua nguo mbele za watu, na moyoni nikawa nimeshapanga namna ya kuutupa. Alikuwa ameandika: "Nimefurahi uliona nilichoandika. Sikuwa na uhakika kama unavisoma. Msalimie mzee."

Kwisha. Alidhani nilimsoma. Hakutaka hata atajwe.

Sikuweza kuuruhusu na sikuweza kuutupa. Uliendelea kukaa pale, na mimi nikaendelea kupokea sifa. Kazi ikanishinda. Nilishona kiti cha mteja nje ndani, ndani nje, nikakifumua, nikakishona tena vile vile. Mume wangu akaniuliza kama naumwa, nikamkaripia, halafu nikalia, halafu nikamkaripia tena kwa kuniona nikilia. Chakula kilikuwa hakipiti. Kila nikifumba macho naona mkono wa baba unatoka dirishani.

Mwisho nikapiga moyo konde nikaenda kwa mdogo wangu bandani. Alikuwa amelifungua lile gari tena, anakagua nati moja moja. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni: Kutu aliona, Kutu aliandika mapema kabla ya safari, mimi nilitupa bila kusoma, na siku ile pipani nilikuwa natafuta cha kumcheka.

Nilitarajia apige kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Yeye aliendelea kupangusa spana yake kwa kitambaa, akaiweka mahali pake, akachukua nyingine.

"Ungejua ni kuhusu gari langu, ungesoma?" akauliza.

"Ningesoma. Wallahi ningesoma, wewe ni damu yangu."

"Na gari la mtu mwingine?"

Nikageuza macho kwenye vile viti vyekundu.

"Hayo mengine uliyoyatupa," akasema, "umeshayasoma?"

Sikuwa nimeyasoma. Tangu mlimani mpaka saa ile nilikuwa nahangaika na nafsi yangu tu: nitaonekanaje, nitasemaje, watanionaje. Wala haikunipitia akilini kwamba Kutu hakuwa ameandika kwa mdogo wangu peke yake.

"Dada," akasema kwa upole, na ule upole wake ndio ulionimaliza, "fungua hapa hapa. Tusome wote."

Tukakaa kwenye makreti, mabega yamegusana, tukasoma. Mengi yalikuwa ni yale yale yake ya kuudhi: rangi imevimba hapa, taa moja iko juu kuliko mwenzake. Mdogo wangu hata akacheka kidogo mahali fulani, nami nikaanza kupumua. Kisha tukafika kwa mwanachama mmoja anayejiita Mwalimu. Mtu wa maneno machache, nilikuwa simjui vizuri. Alikuwa ameweka picha ya chini ya gari lake akiomba watu wamwangalizie kazi yake kabla hajaliwasha, na watu wakamwambia safi, hongera, kazi nzuri. Kutu alikuwa ameandika: "Mpira wa petroli umegusa bomba la moshi. Utayeyuka. Usiwashe."

Mdogo wangu akaichukua simu, akausoma tena ule ujumbe. Kisha akafungua ukurasa wa Mwalimu. Mwisho wake alikuwa ameandika, "Leo ndiyo leo, naliwasha, niombeeni." Watu wakamwombea. Baada ya hapo hakuandika tena, na sisi sote hatukuuliza, maana jukwaani watu huja na kuondoka.

Wanachama wetu wakijiunga hutuachia namba ya simu. Nikampigia Mwalimu, mdogo wangu akiwa ananitazama. Simu iliita karibu ikatike, ikapokelewa na mwanamke.

"Samahani dada," nikasema, "naulizia mwenye simu. Natoka kwenye lile jukwaa lake la magari."

"Ah, nyie ndio wale!" Sauti ikachangamka, na hilo likaniumiza kuliko angenitukana. "Mimi ni mke wake. Jamani asanteni kwa kumkumbuka. Nilikuwa namwambia wenzako wamekusahau, ananibishia. Bado tuko hospitali tangu ule moto wa gari. Uso unaendelea vizuri, wanasema utapona. Ni mikono. Mikono ndiyo hatujui, bado wamemfunga, hata kijiko namshikia mimi."

Mdogo wangu akanishika bega.

"Upo?" akauliza yule mama. "Unajua kinachomtesa si maumivu. Ni kujiuliza. Kutwa ananiambia, mke wangu, niliweka picha, niliwaomba waniangalizie, watu wote wale, hivi kweli hakuna hata mmoja aliyeona? Ananiuliza mimi, na mimi magari siyajui. Labda wewe umjibu, ngoja nimwekee simu sikioni."

Nikasikia shuka zikisogezwa, na yeye akimwambia mtu taratibu, ni wenzako wa jukwaani. Kisha nikasikia pumzi ya mwanamume, nzito, karibu kabisa.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

"Mimi ni Mama Msumeno," nikasema. "Yupo aliyeona, Mwalimu. Aliona, akaandika, akakuambia usiwashe. Mimi ndiye niliyetupa."

Hakuiondoa simu sikioni, maana hakuwa na mikono ya kuiondolea, na nilimsikia akipumua mpaka mke wake alipoichukua.