Adabu za Kwenda Nazo Ng'ambo

Kitendawili: ninacho kidogo mdomoni, nikimpa mtu hakipungui, nikimnyima ananuna siku nzima. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Jibu ni salamu.

Na salamu ndizo zilizoturudisha shule uzeeni, mimi na mume wangu.

Mume wangu alikuwa kinyozi. Miaka arobaini alisimama nyuma ya kiti kilekile, na hakuna siku aliyomgusa mteja shingo kabla ya kumwambia, "Hodi hapa, bwana." Mteja akijibu karibu, ndipo wembe unashuka. Vijana walimcheka, wakampachika jina la Mzee Hodi. Yeye aliwaambia, "Shingo ya mtu ina mwenyewe. Huingii tu kama kuku."

Basi uvimbe ukaja ukamkaa yeye kooni, wala haukubisha hodi. Daktari wetu alisema hapa kwetu hakuna wa kuugusa, ila kuna hospitali moja ng'ambo inachukua wagonjwa wachache kila mwaka. Akaandika barua, akapeleka picha za koo, akatuambia tungoje kama miezi miwili. Wakati huo sauti ya mume wangu ilikuwa imeanza kukwaruza kama msumeno butu.

"Mama watoto," akaniambia, "nitakwendaje kwa watu sina hata neno moja la adabu? Daktari wao atanishika shingo. Nataka nimwambie karibu kwa lugha yake, mkono wake usitetemeke."

Nikamwita jirani yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Dada Mapokezi, kwa kuwa alipokea wageni hotelini miaka ishirini mpaka akastaafu. Akaja na daftari, kila Jumanne na Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Aliandika maneno ishirini kwa herufi kubwa kubwa: salamu zao, ahsante, tafadhali, samahani, karibu. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo niliyashika kwa sura, kama unavyowashika watoto wa jirani kabla hujajua majina yao. Neno lao la ahsante ni fupi, linaanza na herufi kama kiti kilichopinduliwa. La samahani ni refu, katikati lina herufi mbili pacha, na mwisho lina mkia. Nililiita bata na wanawe.

Shida ni kwamba Dada Mapokezi alijua maneno ya upande mmoja wa meza. Wiki ya pili ilipokwisha, mume wangu alikuwa anasema vizuri kabisa, bila kujikwaa, "Chumba chako kiko tayari," na, "Mizigo yako iko wapi?"

"Wee Dada!" nikamwambia. "Mtu anakwenda kupasuliwa, haendi kupangisha vyumba!"

"Wifi, hujui wewe. Kaka akifika atawapokea wao kabla hawajampokea yeye."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa, akakohoa, na alipotoa leso mdomoni aliikunja upesi. Niliuona wekundu wake. Nilimwambia Dada tuendelee na somo.

Jibu lilikuja mapema kuliko tulivyoambiwa. Nilikuwa nimefuata dawa za maumivu, muuguzi akanipa bahasha. Daktari mwenyewe alikuwa safarini, angetueleza Jumatatu. Sikuweza kungoja. Nilifika nyumbani nikamkuta mume wangu amelala, nikaketi pembeni mwa kitanda, nikaifungua.

Lugha yao siijui. Lakini nilikuwa na maneno ishirini, nikaanza kuyatafuta ndani ya barua ile kama mtu anayetafuta nyuso za ndugu msibani. Juu kabisa, salamu. Mstari wa kwanza, ahsante. Chini yake, pale lilipoanza jambo lenyewe, bata na wanawe. Nikashuka. Bata na wanawe. Karibu na sahihi, tena. Neno la karibu nililitafuta kwa kidole mstari kwa mstari, nikageuza karatasi, nikaanza upya kutoka juu. Halikuwamo.

Nilitaka niifiche mpaka Jumatatu. Nilipoinua macho, yeye alikuwa ananitazama.

"Lete."

Akavaa miwani. Kidole chake kikapita palepale changu kilipopita.

"Wametuomba samahani mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara tatu! Watu wa adabu hawa," akasema, akanirudishia karatasi.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Dada Mapokezi alikuja na daftari lake kama kawaida, nikampa barua kabla hajaketi. Aliisoma kimya, kisha akatusomea kwa lugha yetu, taratibu. Uvimbe umekwisha kupita mahali pa kukatwa. Kisu hakitamfaa kitu, safari itamchosha bure. Walimshauri abaki nyumbani na watu wake.

Dada alianza kulifunga daftari.

"Usifunge," mume wangu akamwambia. "Limebaki moja hukutufundisha. Mtu wa kwao akiombwa samahani, anajibu nini?"

Dada akanitazama mimi kwanza. "Anajibu... si kitu. Haidhuru." Kisha akalitamka kwa lugha yao, mara mbili, polepole, kama alivyotamka yote mengine ili tumfuatishe.

Tukangoja. Mume wangu alikuwa hajawahi kushindwa kumfuatisha. Hata ya vyumba na mizigo aliyasema. Alifungua kinywa, nikasikia pumzi ikikwaruza, akakifumba.

"Hilo silisemi," akasema kwa lugha yetu, akageukia ukutani.

Dada Mapokezi alilifunga daftari, akaaga. Wiki ya tatu baada ya hapo sauti ya mume wangu ilikatika kabisa. Nikimwosha shingo asubuhi nilimwambia hodi, na yeye alikuwa hana cha kunijibu.