Baba wa Wajane

Usiniambie nitulie. Nimetulia vya kutosha mwaka huu wa tisini na nne, na ona nimepata nini.

Mimi na Boaz ndio Suna Stima. Bendi ya watu wawili: yeye na kinanda chake cha Casio na kijisanduku kinachopiga ngoma chenyewe, mimi na mdomo wangu. Watu wa Migori walitucheka, eti bendi gani haina gita. Tukawaacha wacheke, tukaenda Homa Bay kurekodi kanda yetu ya kwanza kwa Momanyi, mwenye studio ya trei za mayai ukutani.

Wimbo wa kwanza ni wa dada yangu Zilpah. Maneno ni yake, mimi niliyatia sauti tu. Mumewe James alipofariki, shemeji yake Walter, mwenye malori ya miwa kule Awendo, alimtolea vyombo nje kabla matanga hayajaisha, akahamia kwenye nyumba yeye mwenyewe. Zilpah akaja kwangu Suna na godoro moja. Hakulia, hakushtaki. Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba kanda ikitoka watu wajue alichofanyiwa.

Basi Jumamosi Boaz akaleta kanda mama, ile ambayo kopi zote zingetolewa kwayo. Zilpah akanawa mikono, akakaa kando ya redio. Ubeti wa kwanza ukaisha, kinanda kikaingia, ndipo nikamsikia Boaz ndani ya wimbo akipaza sauti kwa madaha: "Walter wa Awendo! Simba wa miwa! Baba wa wajane!"

Baba wa wajane. Yawa! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Zilpah aliinuka, akazima redio, akarudi kuchambua mchele wake kana kwamba hakusikia kitu. Hapo ndipo nilipoumia kabisa.

Boaz hakosi maelezo. Siku ile mimi nilipotangulia kurudi nyumbani, stima ilipotea Homa Bay, na kinanda bila stima ni ubao. Walter alikuwa mjini na lori, akawaazima jenereta, akakaa hapo hapo mpaka wakamaliza. Sasa mtu akusaidie halafu usimtaje? Huku kwetu hata aliyekushikia mlango anatajwa kwenye wimbo, na sifa juu. Kwamba amemsifu Walter ndani ya wimbo wa mjane ambaye Walter huyo huyo alimfukuza, Boaz hakuwa ameliona hilo. Nikamuuliza kama kichwa chake nacho kinatumia jenereta. Akasema nitulie, muziki ndivyo ulivyo, na tena Walter ameshaagiza kanda hamsini za kugawia watu wake.

Jumatatu nikamkokota mpaka Homa Bay, Zilpah nyuma yetu. Momanyi akasema sauti na ngoma zimeshashikana, akifuta jina atafuta na muziki, pale patabaki kimya. Boaz akashika kichwa, kanda yetu ya kwanza iwe na shimo? Nikamwambia heri shimo kuliko uchafu.

Zilpah akasogea mbele. Akaomba maikrofoni. Akauliza ana muda gani, Momanyi akamwambia sekunde kumi na mbili. Momanyi akabandika selotepu mgongoni mwa kanda, pale palipovunjwa ili isirekodiwe tena, mashine ikakubali. Akainua kidole.

"Shemeji Walter, ni mimi Zilpah, mke wa James," dada yangu akasema. "Ulinitoa nje na msiba haujaisha. Unalala kwenye nyumba yangu. Nirudishie."

Selotepu ikabanduliwa. Boaz akasikiliza mara mbili: ngoma zinakatika, dada yangu anaongea peke yake, ngoma zinarudi. Safari hii hakuniambia nitulie. Kopi zilipotolewa, alichukua kalamu akaandika jina la Walter kwenye katoni ya zile kanda hamsini.

Walter hakujaribu hata moja. Ya nini, na alishajisikia akisifiwa pale studioni? Jumapili alisimama nje ya kanisa Awendo akazigawa kwa mkono wake mwenyewe, kwa chifu, kwa madereva wake, kwa kwaya, kwa wakwe zake, akiwaambia wasikilize ule wimbo wa kwanza. Akabakiza moja. Akaenda nayo kwenye nyumba ile ile aliyomnyang'anya dada yangu, akaiweka kwenye redio, akaongeza sauti.