Kamba Ilivutwa Mara Tatu

Hapa Rwamgasa kila mtu ana stresi. Mwamba ukigoma kutoa dhahabu, stresi. Timu ikifungwa, stresi. Maharage yangu yakizidi chumvi, Fredy anasukuma sahani: "Mama Noela, umenipa dipresheni," na wachimbaji wenzake wanacheka mpaka wanapaliwa. Na mimi mpishi wao siko nyuma, nikikosa kuni tu nasema sina mudi.

Kwa hiyo Maduhu, mchimbaji mwenzao, aliponiambia, "Shikamoo Mama Noela. Nina stresi," nilimjibu kama ninavyowajibu wote: "Marahaba. Nani hana? Kunywa uji." Akanywa nusu, akashukuru. Kesho yake akamwambia Fredy ana dipresheni. Fredy akamuuliza, ya mwanamke gani?

Siku ya tatu hakumwambia mtu. Alinipa simu yake na kitambulisho. "Utampa mama yangu, pale Segese." Akaelekea kwenye duara, shimo letu la kuchimbia.

Nilimkimbilia na mwiko mkononi, nikamwita Herman, msimamizi. "Huyu ana..." Nikakwama. Ana nini? Maneno yote niliyokuwa nayo tulikuwa tumeshayachezea.

Maduhu alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi. Akasema mwenyewe, taratibu, "Msimamizi, ndani yangu matimba yanalia."

Matimba ni yale magogo yanayozuia kuta za duara. Yakianza kulia, udongo unakuja. Sheria yetu ni moja: aliyesikia aseme, na akishasema hakuna kubisha wala kumuuliza kama ana hakika. Wote wanatoka, na harudi mtu chini mpaka aliyesikia aseme pametulia.

Herman ana mdomo mchafu kuliko wote machimboni. Nilisubiri tusi. Alimtazama Maduhu, akashika kamba ya ishara, akaivuta mara tatu.

Wakatoka wanaume kumi na mmoja, wametapakaa tope, wanahema. "Upande gani? Upande gani?"

Herman akaweka kiganja kifuani pa Maduhu. "Hapa."

Nilidhani watacheka. Miaka tisa nimekaa machimboni, nimeona watu wakipata dhahabu wakaanguka chini kwa furaha, lakini sijaona kitu kilichonitetemesha kama kile. Hakuna aliyecheka. Fredy alivua kofia. Wakakaa chini kumzunguka, wote, kama wanavyokaa siku duara likitisha. Maduhu akalia kwa sauti, mbele ya wanaume, na hakuna aliyegeuza uso.

"Kesho tunakwenda kwa daktari Geita," Herman alisema. "Mimi na wewe."

Jua lilipanda, ugali wangu ukapoa. Mwenye duara alipiga simu mara mbili, Herman hakupokea. Mchana Fredy akamsogelea Maduhu.

"Bado unasikia?"

"Bado."

"Basi tunakaa," Fredy alisema, akajisogeza kivulini.