Ushanga Chini ya Kibati

Baba alikuwa fundi wa vyambo bandia vya samaki aina ya trauti, vile vinavyoburutwa polepole nyuma ya boti ziwani. Kwenye waya alitunga shanga nyekundu tano, akaweka ushanga mmoja mdogo wa kioo, kisha juu yake kibati cha kung'aa. Bila ule mdogo, kibati hakizunguki, na trauti hababaiki na bati lililolala.

Kiharusi kikamwacha na mkono mmoja, wa kushoto. Akaendelea kutunga, na kila mara aliusahau ule ushanga mdogo. Mimi nikawa nafungua na kutunga upya huku nanung'unika. Siku wateja waliponirudishia vyambo kumi, hasira zikanipanda.

"Baba, wewe pumzika tu. Unaniongezea kazi."

"Haya, mwanangu," akasema, akaisukuma koleo yake ya kupindia waya upande wangu wa meza. Sikumwona akiigusa tena.

Tulimzika Jumanne. Leo nilikuwa nakunja nguo zake, na kwenye mfuko wa koti alilokuwa akivaa kwenda kliniki kitu kikanichoma kidole. Kilikuwa chambo, waya umepindapinda, kitanzi kimekwenda upande. Nikahesabu shanga kutafuta kosa, maana tabia yangu ya kukosoa haikomi hata msibani. Zilikuwa tano, na ule mdogo wa kioo ulikuwa mahali pake.

Nikakipuliza kibati. Kikazunguka vizuri, hata nikafungua mdomo nimwite aje aone.