Nondo Iliyolegea

Paa la tanuri la Fardowsa, mwoka mikate wa mjini Migori, liliporomoka moto ukiwa umekolea, likambabua mkono. Matofali yake yalikuwa magumu ajabu, hata nyundo ilidunda juu yake. Lakini tofali likiwa baridi ni jambo moja. Likibebeshwa mzigo ndani ya moto ni jambo jingine.

Ndiyo maana alimwendea Lynnet, mwalimu wa ufundi Homa Bay, aliyekuwa ameunda mtambo wa kupima jambo hilohilo. Jeki ya lori ilikandamiza kipande cha tofali ndani ya tanuri dogo la umeme, kupitia nondo nene ya chuma, na mshale ukaonyesha kimebonyea kiasi gani kadiri joto lilivyopanda.

Cephas, mfyatua matofali wa Kosele, alileta vipande vya udongo wa aina tatu, akitaka kumfyatulia Fardowsa matofali mapya. Aina zote zilibonyea.

"Hazifai kwa tanuri, jaduong'," Lynnet alimwambia mzee huyo.

"Basi naenda Macalder kuchimba dhahabu," Cephas akasema, akikunja gunia lake. "Udongo umenikataa."

Maneno hayo yalimkaa Lynnet rohoni. Kesho yake alirudia vipimo vyote, na hapo akashtuka: aina zote tatu zilianza kubonyea kwenye joto lilelile. Udongo wa mtoni na wa kichuguu ungewezaje kulegea pamoja kama mapacha?

Akawasha mtambo bila kuweka tofali lolote. Joto likapanda, jeki ikakandamiza, na mshale ukaanza kusogea vilevile. Kumbe kilichokuwa kikilegea ni nondo! Aibu ilimpanda, kisha akacheka peke yake.

Alipanda bodaboda hadi Kosele, akamkuta Cephas akifunga sururu na blanketi.

"Jaduong', usiende. Nilikosea. Nilikuwa napima chuma, si udongo wako."

"Kwa hivyo udongo wangu ni mzuri?"

"Bado sijui."

Cephas alimkazia macho, kisha akaweka sururu chini. "Hilo naliamini. Twende tukajue."

Motari, rafiki wa Lynnet aliyefanya kazi Kisumu, aliwaazima fimbo ya kauri isiyolegea kwa joto kama lile. Udongo wa mtoni ukabonyea kwelikweli. Wa pili ukapasuka. Ikafika zamu ya udongo wa kichuguu, uliochanganywa na tofali kuukuu lililosagwa. Cephas aligeukia ukuta, hakutaka kuona.

"Udongo umelala?" aliuliza.

"Umesimama," Lynnet akajibu. "Tumepita joto la tanuri la mikate, na bado umesimama."

Tanuri jipya la matofali ya Cephas lilipowashwa Migori, Fardowsa alikaa mbali, mkono wenye kovu ameuficha ndani ya buibui. Alisogea hatua kwa hatua. Paa halikutikisika. Mwishowe akachukua koleo mwenyewe, akaingiza mikate.

Mkate wa kwanza alipewa Cephas. Aliula ungali wa moto, akipuliza vidole.

"Chumvi kidogo," alilalamika.

"Kesho nitaongeza, mzee wangu," Fardowsa akasema, na kuchochea moto.