Mita Moja na Jiwe la Ukingo

Walimwita Mita Moja, na jina hilo alilivaa kama nishani. Miaka ishirini na mitatu aliendesha mabasi ya kampuni ya zamani, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole kwa habari ya matairi. Kampuni ile ilikuwa na sheria zake, na kubwa kuliko zote ilikuwa hiyo ya matairi. Jioni basi likirudi gereji, bwana mmoja mwenye tochi na kipande cha chaki alilizunguka, akachuchumaa, akapapasa ubavu wa kila tairi kama mtu anayenunua mbuzi. Akikuta mkwaruzo wa jiwe la ukingo wa barabara, dereva wa basi hilo kesho yake anakaa benchi. Mkwaruzo wa pili, benchi wiki nzima. Hakuna maelezo, hakuna samahani.

Kwa hiyo madereva wote walijifunza kitu kimoja. Ukifika kituoni unaingia kana kwamba unataka kuligusa jiwe, halafu mwishoni mkono wenyewe unavuta usukani kurudi barabarani. Abiria watajijua. Wanaruka ule mtaro wa maji usio na kina unaopita chini ya jiwe, wanapanda ngazi tatu za chuma, safari inaendelea. Na kati ya wote hao hakuna aliyekaa mbali na jiwe kwa uhakika kama yeye. Ungepima kwa futi ungekuta ni mita moja, leo, kesho na mwezi ujao. Wenzake walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha heshima.

Halafu mambo yakageuka. Baraza la mji likaamua kwamba mabasi yale yamechoka, na kusema kweli yalikuwa yamechoka hasa; mengine yalikuwa yanatembea kwa huruma ya Mungu na waya wa kufungia. Njia zote zikapewa kampuni mpya, ikaja na mabasi mapya, na madereva wa zamani wakaambiwa anayetaka kazi aje aombe na apimwe kama mgeni. Wakongwe wakapanga foleni moja na vijana ambao walikuwa bado wananyonya wakati wao wanapata leseni.

Basi jipya lilimshangaza. Alilizunguka mara tatu. Halikuwa na ngazi hata moja. Sakafu yake ilikuwa chini, usawa wa goti la mtoto. Mlango wa katikati ulikuwa mpana kama mlango wa ukumbi. Ukibonyeza kitufe kimoja, basi linashusha pumzi na kupiga magoti upande wa abiria. Ukibonyeza cha pili, ubao unatoka chini ya mlango kama ulimi, unalala juu ya njia ya miguu, na mtu wa kiti cha magurudumu anaingia kwa mikono yake mwenyewe. Ndani ana nafasi yake, ana mkanda wake, ana kitufe cha kengele pale mkono wake unapofika bila kujinyoosha. Na kwa ajili ya wasioona kulikuwa na sauti ya kike iliyotangaza kila kituo. Abiria waliipa jina siku ya kwanza: Shangazi, kwa sababu inajua kila kona ya mji na haichoki kukukumbusha.

Mita Moja alikuwa mtu wa kupenda mashine nzuri jinsi wengine wanavyopenda nyimbo. Mke wake, mpishi wa shule, alisikia habari za lile basi wakati wa chai, wakati wa kufua na wakati wa kulala, mpaka akamwuliza kama mahari ya hilo basi ameshaitoa.

Tatizo lilikuwa moja. Ule ubao una urefu wake. Ukisimama mbali na jiwe zaidi ya vidole vinne, ncha inakosa pa kulala na kudumbukia mtaroni. Mwalimu wa kampuni mpya aliwaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, vidole vimebanana: hivi, na si zaidi ya hivi.

Mtihani ulikuwa wa siku tatu. Siku ya kwanza walipimwa gerejini, mbele ya mstari uliopakwa rangi nyeupe, na Mita Moja akasimama kama aliyechorwa pale, kwa sababu rangi haikwaruzi tairi. Siku ya pili wakatoka barabarani. Kituo cha kwanza mkono ukavuta. Cha pili ukavuta. Alijiambia kituo cha tatu hauvuti, ukavuta. Mkaguzi wa kampuni mpya, kijana mtaratibu mwenye miwani, alikaa kiti cha nyuma yake akaandika bila kuinua kichwa. Jioni akamweleza kwa adabu kwamba siku ya tatu njia yake ina abiria wa kiti cha magurudumu, na dereva atakayemwacha huyo kituoni hatapata kazi. Hakuna wa kukata rufaa kwake.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kazi nyingine hakuijua, na kama angeijua asingeitaka.

Alipomsimulia mkewe, mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kituoni anasimama kama mkwe: anafika mpaka karibu na mlango, anakohoa, haingii. Mita Moja alicheka kwa sababu ilikuwa kweli, halafu akaacha kucheka.

Kwani huyo abiria wa kiti cha magurudumu alimfahamu. Alikuwa fundi saa, mama wa makamo mwenye kibanda cha vioo karibu na posta. Miaka kumi na moja alipanda basi la Mita Moja, na miaka kumi na moja alibebwa. Kondakta alimshika mabegani, mwanamume yeyote aliyejitolea akashika miguu, kiti kikafungwa kwa kamba huko nyuma, na basi zima likakodoa macho likitazama. Yeye alikuwa anawatania wambebao wampime kilo kwanza wasije wakadai hakuwaambia. Dereva hakushuka hata siku moja. Aliwatazama kwenye kioo huku akihesabu dakika. Na kwenye kioo hichohicho aliona ile asubuhi kondakta aliporuka mtaro akiwa amembeba, mguu ukateleza, wakaanguka wote wawili. Bega la fundi liliumia. Kopo lake la vifaa likamwagika mavumbini, naye akakaa palepale chini akaokota skrubu moja moja, ndogo kama chembe za mchanga, mpaka ya mwisho, kisha akaomba apandishwe akafungue kibanda. Mita Moja hakuwa amewahi kuona mtu wa namna ile. Lakini alijua pia, na hakumwambia mtu, kwamba mtaro ule ulirukwa kwa sababu yeye alikuwa amesimama umbali wa mita moja.

Siku ya tatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, alikiona kituo cha zahanati, na pembeni ya kibao cha kituo akamwona fundi saa kwenye kiti chake, kopo mapajani, amejiweka sawa kabisa pale mlango wa katikati unapopaswa kufika. Mita Moja akapunguza mwendo. Akasogea. Jiwe likakaribia. Mkono ukavuta.

Alijua kabla hajabonyeza kitufe. Basi likapiga magoti, ubao ukatoka, na ncha yake ikadumbukia mtaroni.

Wanaume wawili waliokuwa ndani wakasimama upesi, watu wema tu, wakamwambia mama fundi asihangaike, watambeba, ni suala la nusu dakika. Fundi saa akaweka mikono juu ya magurudumu yake.

"Asanteni sana, wanangu," akasema. "Nimebebwa miaka kumi na moja. Leo nimekuja kupanda."

Wakabaki wamesimama, hawajui wakae au washuke. Akamgeukia dereva, na usoni hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Nenda tu, mzee wangu. Nitasubiri linalofuata."

Linalofuata lilikuwa baada ya dakika arobaini. Kurudi nyuma na basi lenye abiria ni marufuku, anayejaribu anafukuzwa hapohapo. Kalamu ya mkaguzi ilikuwa imeanza kutembea. Mita Moja akarudisha ubao, akafunga milango, akainuka kitini akawageukia watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kuendesha.

"Ndugu abiria, nimesimama vibaya. Kosa ni langu. Nakwenda kuzunguka pale mbele, narudi kumchukua mama. Mwenye haraka namfungulia ashuke, simlaumu."

"Ratiba, mzee," mkaguzi akasema taratibu.

"Naijua."

Hakushuka mtu. Bwana mmoja mwenye tai alilalamika kwamba kazini ataambiwa nini, na mama aliyekaa jirani naye akamjibu kwamba kwa jinsi anavyomfahamu, huko kazini hawajawahi kumwona saa mbili, kwa hiyo hawatashtuka. Basi likatoka.

Walizunguka mzunguko wa juu, wakateremka upande wa pili mpaka mzunguko wa chini, taa nyekundu mbili zikawazuia zote mbili, wakapanda tena. Shangazi, ambaye hakuwa amearifiwa chochote, akatangaza kituo cha zahanati kwa mara ya pili kwa utamu uleule, na basi zima likaangua kicheko. Hata mkaguzi alishika mdomo. Mita Moja pekee hakucheka. Alikuwa anaongea na mkono wake.

Safari hii aliingia mapema, taratibu, pua ya basi imelala kuelekea jiwe. Akaacha kulitazama tairi kwenye kioo. Alitazama kile kiti cha magurudumu na yule mama asiyesogea. Jiwe likaja. Mkono ukataka kuvuta, naye akaudaka kwa mkono wake mwingine, akaugandamiza juu ya usukani kama unavyomshika mtu anayetaka kugombana. Tairi la mbele likagusa. Likalalamika, mkwaruzo mrefu, mzito, sauti aliyoikimbia miaka ishirini na mitatu. Hakuachia. Basi likasimama.

Likapiga magoti. Ubao ukatoka, ukalala juu ya njia ya miguu, ukatulia.

Fundi saa aliukagua kwa jicho moja, kama anavyokagua saa iliyofunguliwa. Akasukuma magurudumu mara tatu, akapanda, akageuka mwenyewe, akakaa kwenye nafasi yake, akajifunga mkanda.

"Haya twende," akasema. "Tumechelewa."

Mita Moja alitazama ndani kwenye kioo kabla ya kuondoka. Wale wanaume wawili walikuwa wamekaa. Mwenye tai alikuwa amerudi kwenye simu yake, mama wa jirani amefumba macho, msichana mmoja anasuka uzi wa begi lake. Hakuna aliyekuwa anamtazama fundi saa. Amepanda kama anavyopanda mtu yeyote, na watu wameshamsahau. Dereva aliona kwamba kitu kizuri namna ile hajawahi kukiona ndani ya basi.

Posta alisimama vizuri tena, na tairi likakwaruza tena, kidogo. Sheria mpya inamtaka dereva ashuke kumfungulia mkanda abiria wa kiti, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo wakawa uso kwa uso. Akainama, akafungua mkanda, akabaki ameinama.

"Mama fundi, siku ile ulipoanguka mtaroni. Ilikuwa mimi."

"Najua ni wewe. Kondakta aliniangusha, lakini ule mtaro uliuleta wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, na kesho yake nakutegemea unifikishe kazini?" Akaweka kopo lake sawa mapajani. "Ila leo umerudi. Hilo nalo nimeliona." Akasukuma magurudumu, akashuka, akaenda zake kufungua kibanda, maana mteja wa kwanza alikuwa tayari pale mlangoni anatazama mkono usio na saa.

Mwisho wa njia, abiria wote wakiwa wameshuka, Mita Moja hakungoja aitwe. Alimpeleka mkaguzi mpaka kwenye tairi la mbele, akachuchumaa, akamwonyesha mkwaruzo kwa mkono wake: mweupe, urefu wa kiganja. Mkaguzi akachuchumaa pembeni yake, asielewe anaonyeshwa nini. Ilibidi aelezwe habari za bwana wa tochi na chaki na benchi, tangu mwanzo. Alipoelewa alivua miwani. Akamshika mzee kidole, akakipitisha juu ya ubavu wa tairi, palipokuwa na unene unaozunguka tairi zima kama mkanda.

"Hapa mpira umeongezwa makusudi," akasema. "Ni wa kukwaruzwa. Ukiisha, linaletwa tairi jingine."

Mita Moja aliupapasa unene ule, akaurudia.

Mkaguzi akatoa karatasi yake. Kwenye mstari wa kituo cha zahanati palikuwa na sehemu moja tu ya kujaza, naye alikuwa ameshajaza hapana. Akachora mstari mwingine chini yake kwa mkono, akaandika: mara ya pili, ndiyo. Pembeni akaandika dakika tisa za kuchelewa, akapiga mstari chini yake mara mbili. Akamweleza kwamba wiki hiyo amepima madereva kumi na wanne wa kampuni ya zamani, na kila mmoja alimkosa abiria wa kiti angalau mara moja, kwa ule ule mkono unaovuta. Aliyerudi alikuwa mmoja.

"Kesho zamu ya kwanza, njia hiihii," akasema. "Dakika tisa sitaki kuziona tena, mzee wangu. Simama vizuri mara ya kwanza."

Mita Moja akampigia simu mkewe. Nyuma ya sauti yake zilisikika sufuria kubwa za shule na wapishi wenzake wakibishana juu ya chumvi. Mkewe akamwuliza kama amepita. Yeye akaanza na tairi: unene ule, mpira uliowekwa makusudi, na jinsi watu wazima walivyoliogopa jiwe miaka yote hiyo, kumbe kuna tairi linalotengenezwa ili liliguse.

"Baba watoto, nimeuliza umepita. Sijauliza habari za tairi."

"Kesho naamka saa kumi alfajiri."

Akasikia simu inawekwa juu ya meza, mkewe akiwaambia wenzake kitu, na ule ubishi wa chumvi ukakatika. Kisha akarudi kwenye simu, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa.

"Basi ukifika nyumbani piga pasi shati lako mapema," akasema. "Mimi saa kumi siamki."